Gari la umeme Dar: piga hesabu hii kabla hujalipa

"Kaka, hapa petroli unaisahau," muuzaji wa yadi moja aliniambia huku akinifungulia mlango wa Nissan Leaf nyeupe iliyotoka Japani. Alisema kweli. Ila bei aliyoitaja ilizidi ya Toyota IST ninayoiendesha kwa shilingi milioni 15. Nilirudi nyumbani Tegeta nikiwa na swali moja: hiyo milioni 15 petroli itanirudishia lini?

Nimelifanyia kazi swali hilo kwa miezi kadhaa. Nimeandika hapa njia niliyoipita, hatua kwa hatua, ili nawe uweke namba zako. Bei za magari ni za mfano wangu, zako zitakuwa tofauti. Lakini jambo moja halibadiliki. Gari la umeme halikuokolei pesa kwa kuwa nalo, linakuokolea kwa kila kilomita unayotembea. Asiyezijua kilomita zake hajui anachonunua.

Hatua ya kwanza: lipime gari ulilonalo

Usitumie namba ya kijiweni wala ya kwenye tangazo. Mimi niliamini IST yangu inakwenda kilomita 15 kwa lita, kwa sababu kila mtu husema hivyo. Nikachukua daftari dogo nikaliweka kwenye kisanduku cha dashibodi. Siku ya kwanza nilijaza tangi mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikaandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Kila nilipojaza tena, nilijaza hadi pampu ijikate na kuandika lita na kilomita. Mwambie anayekujazia asiongeze baada ya pampu kukata, maana kale ka lita kanakosukumiwa juu kanaharibu kipimo.

Baada ya mwezi niligawanya jumla ya kilomita kwa jumla ya lita. Jibu likawa 11. Foleni ya Mwenge, AC muda wote na ile mwendo-simama ya Barabara ya Bagamoyo vilikuwa vimekula kilomita nne katika kila lita. Namba hiyo ndiyo inayobeba hesabu yote inayofuata, kwa hiyo ipe mwezi mzima.

Hatua ya pili: kilomita moja ya petroli ni shilingi ngapi

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Oktoba 2023 lita ya petroli Dar ilipita 3,200, na katikati ya 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 3,000. Hapa natumia 3,000 kurahisisha hesabu. Gawanya kwa 11, unapata shilingi 273 kwa kilomita.

Watu wengi husubiri petroli ipande ndipo walifikirie gari la umeme. Angalia uzito wa hoja hiyo: lita ikipanda shilingi 100, kwa gari la kilomita 11 kwa lita kila kilomita inaongezeka shilingi 9 tu. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka anaongezewa kama laki moja na thelathini na tano. Inauma, lakini si namba ya kukununulisha gari.

Hatua ya tatu: kilomita moja ya umeme ni shilingi ngapi

Mtumiaji wa kawaida wa TANESCO analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini (REA) na asilimia 1 ya EWURA, uniti inafika karibu shilingi 356. Ndiyo maana ukinunua LUKU ya elfu kumi unapata uniti kama 28, ukiacha mwezi ambao kodi ya jengo inakatwa humo humo. Wenzetu wa nchi nyingine hujivunia umeme wa usiku wa bei nafuu. Hapa kwetu, mteja wa nyumbani analipa bei ile ile saa nane usiku na saa nane mchana.

Gari linatumia uniti ngapi? Jirani yangu ana Leaf, akaniruhusu tupime kwenye mita yake. Aliondoka asubuhi betri ikiwa imejaa, akarudi jioni akiwa ametembea kilomita 86 za mjini. Saa tatu usiku tulisoma mita, akachomeka. Asubuhi betri ikiwa imejaa tena tulisoma mara ya pili: uniti 17.6 zilikuwa zimetoka. Tukaondoa uniti 2 za friji na feni, ambazo tulizijua kwa kupima usiku mwingine gari likiwa halijachomekwa. Zikabaki 15.6, yaani kama uniti 18 kwa kila kilomita 100.

Pima kwenye mita kama hivyo, usiamini kioo cha dashibodi. Kioo kinahesabu umeme uliotoka kwenye betri, ilhali wewe unalipia na ule uliopotea kama joto wakati wa kuchaji.

Uniti 18 mara 356, gawa kwa 100: shilingi 64 kwa kilomita. Toa kwenye 273 ya petroli, unaokoa shilingi 209 kila kilomita. Iandike hiyo namba ukurasa wa kwanza wa daftari lako.

Kuna mtego kwa walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, D1, wale wanaopata uniti 75 kwa shilingi 9,150. Gari la kutembea kilomita 1,300 kwa mwezi litameza uniti 234 peke yake. Zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya makato, na ukiendelea hivyo unahamishwa kwenye tarifa ya kawaida. Hapo hata taa na friji vinalipiwa 356 badala ya 122. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 70 inatoka shilingi 8,540 kwenda 24,920 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu laki mbili, na muuzaji wa gari hatakuhesabia.

Hatua ya nne: zihesabu kilomita zako kwa haki

Tegeta hadi Posta ni kama kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50, siku 22 za kazi ni 1,100. Ongeza 200 za sokoni, kanisani au msikitini, misiba na harusi. Jumla ni 1,300 kwa mwezi, 15,600 kwa mwaka. Mara 209 unapata shilingi 3,260,400 za kuokoa kwa mwaka.

Anayekaa Kinondoni na kufanya kazi Upanga hafiki hata kilomita 6,000. Yeye ataokoa milioni moja na robo. Huyo namshauri aishie hapa na pesa yake aipeleke kwingine.

Safari za mikoani zisikuchanganye. Morogoro tu ni karibu kilomita 200, na vituo vya umma vya kuchajia bado ni vya kuhesabu kwa vidole. Lakini tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kwanza Morogoro kisha Dodoma, mkazi wa Dar anaweza kuwa na gari la mjini tu na maisha yakaenda. Kama kwenu ni Moshi au Mbeya na kila Desemba unapakia familia, weka kwenye hesabu nauli au gari la kukodi.

Hatua ya tano: bei kamili, ikiwa barabarani

Ukiagiza mwenyewe, bei ya Japani au China ni mwanzo tu. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka aina, mwaka na modeli, usome kodi ya gari hilo hasa. Usikisie kwa kodi aliyolipa rafiki yako, maana umri wa gari hubadilisha ushuru sana. Ongeza bandari, wakala na usajili.

Kisha weka njia ya umeme nyumbani. Chaja ya kilowati 3 inavuta kama ampea 13 kwa saa sita au zaidi mfululizo, na soketi zetu nyingi za ukutani hazikufungwa kwa mzigo wa namna hiyo. Nimeona soketi iliyogeuka rangi ya kahawia kwa kuchajia gari wiki mbili tu. Mwite fundi umeme mwenye leseni avute waya wa peke yake kutoka kwenye ubao mkuu: milimita 4 kwa chaja ya ampea 16, milimita 6 kwa ya ampea 32, na breka yake pamoja na kinga ya kukata umeme unaovuja. Mwambie apime ethi kabla ya yote, kwa sababu nyumba nyingi za uswahilini zina fimbo ya ethi iliyooza au haipo kabisa. Na usikubali plagi ya Kijapani ikatwe na kuungwa kienyeji kwenye plagi yetu ya pini tatu.

Mpangaji ana kazi ngumu zaidi. Kama mnachangia LUKU moja na wapangaji wenzako, usinunue gari la umeme kabla hujapata mita yako au mita ndogo ya kupimia matumizi yako, na mwenye nyumba akakubali kwa maandishi. Uniti 234 kwa mwezi kwenye mita ya kuchangia zitavunja ujirani ndani ya mwezi mmoja.

Bima nayo inafuata bei. Bima kubwa ni kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT juu yake. Gari lililozidi kwa milioni 15 linakuongezea shilingi 619,500 kila mwaka. Unaweza kukata bima ndogo ya 118,000, lakini kuacha gari la bei hiyo bila bima kubwa katika Dar hii ya bodaboda ni hatari ambayo mimi siwezi kuishauri.

Upande wa nafuu upo: hakuna oili ya injini wala plagi ya kubadilisha. IST yangu hufanyiwa sevisi kila kilomita 5,000 kwa kama shilingi 130,000. Kwa kilomita 15,600 ni karibu shilingi 400,000 kwa mwaka. Matairi, shokamzoba na bushi ni vile vile. Gari la umeme ni zito, na mashimo ya barabara za mitaa hayaulizi linatumia nini.

Kwa hiyo: 3,260,000 jumlisha 400,000 toa 620,000. Unaokoa kama shilingi 3,040,000 kwa mwaka.

Hatua ya sita: milioni 15 nayo ina bei yake

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanagawanya 15 kwa 3.04, wanapata miaka mitano, wanafurahi. Lakini ile milioni 15 usingeichimbia chini ya kitanda. Ungeiweka kwenye hatifungani au mfuko wa uwekezaji, au ungeepuka kukopa kiasi hicho benki. Tuseme ni asilimia 12 kwa mwaka.

Chukulia umejikopesha milioni 15. Mwaka wa kwanza riba ni milioni 1.8. Gari limekuokolea 3.04, kwa hiyo deni limeshuka hadi 13.76. Mwaka wa pili riba ni 1.65, deni linabaki 12.37. Endelea hivyo: 10.8, kisha 9.1, 7.1, 4.9, 2.5. Deni linaisha ndani ya mwaka wa nane.

Njia ya mkato, kwa asilimia 12 hiyo hiyo, ni hii. Chukua unachookoa kwa mwaka, zidisha kwa 3.6 kama utakaa na gari miaka mitano, au kwa 5 kama utakaa nalo miaka minane. Jibu ndiyo nyongeza ya juu kabisa unayostahili kulipa. Kwangu mimi, miaka mitano ni shilingi milioni 10.9. Muuzaji alitaka 15.

Hatua ya saba: betri, kabla ya rangi na viti

Kama hesabu inahitaji miaka minane, betri nayo lazima idumu miaka minane, na unanunua ambayo tayari imetumika. Leaf hizi zilizotumika hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, zinategemea hewa tu. Kwenye joto la Dar la Januari hadi Machi, hasa gari likishinda juani, betri ya namna hiyo huchoka mapema kuliko ingekuwa Japani. Magari yenye betri inayopozwa kwa maji yanastahimili zaidi, na mimi ningeongeza pesa kwa ajili ya hilo kabla ya kuongeza kwa ajili ya kioo kikubwa.

Upande wa kulia wa kipimo cha chaji cha Leaf kuna vijumba 12. Kikipotea cha kwanza, betri imeshapungua kama asilimia 15. Vinavyofuata ni kama asilimia 6 kila kimoja. Vijumba 9 maana yake betri iko kwenye asilimia 70 hivi. Lakini usitegemee vijumba pekee, kuna mafundi wanaojua kuvirudisha kwa muda ili gari liuzike. Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, weka programu ya Leaf Spy kwenye simu, usome asilimia ya afya ya betri mwenyewe, ukiwa umekaa ndani ya gari. Muuzaji akikataa, shuka uondoke.

Kisha ligeuze liwe kilomita. Betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40, yenye afya ya asilimia 75 imebaki na kama 30. Kwa mwendo wa mjini hizo ni kilomita 180 hivi, lakini panga kutumia 150 ili usiikamue hadi mwisho. Ya 24 iliyobaki na asilimia 70 panga kilomita 80, na kwa mtu wa Tegeta anayepitia Kariakoo jioni hiyo ni roho juu kila siku.

Muulize pia kuhusu mdomo wa kuchajia. Leaf za Japani zina CHAdeMO kwa chaji ya haraka, magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T. Jua kituo ulichosikia habari zake kina upi.

Kuhusu umeme kukatika: mgao mkali wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa jumla, kuanza kuingia mmoja mmoja mwaka 2024. Hitilafu za mtaani bado zipo. Jenga mazoea ya kuchaji betri ikiwa nusu, usingoje iishe.

Hatua ya nane: gesi

Kwa mkazi wa Dar, mpinzani halisi wa gari la umeme ni IST iliyofungwa mtungi wa gesi asilia. Asiyeiweka gesi kwenye hesabu anajidanganya.

Kilo moja ya gesi ni shilingi 1,550. Nguvu yake ni kama ya lita moja na nusu ya petroli, nami kwa tahadhari nahesabu kilomita 15 kwa kilo kwa gari langu. Hiyo ni shilingi 103 kwa kilomita. Kwa kilomita 15,600 naokoa shilingi 2,652,000 kwa mwaka ukilinganisha na petroli. Ukifunga mfumo kwa milioni 2, pesa imerudi baada ya miezi tisa hivi.

Sasa linganisha umeme na gesi: 103 toa 64 ni shilingi 39 tu kwa kilomita, yaani laki sita kwa mwaka. Ongeza laki nne za sevisi, toa bima ya ile milioni 13 inayobaki kama tofauti, kama 537,000. Unabaki na laki nne na sitini hivi. Kutoa milioni 13 ili urudishiwe laki nne na sitini kwa mwaka, hapana.

Gesi ina adha zake. Mtungi unakula buti, na foleni za kwenye vituo zinaweza kukulaza. Kwa dereva wa teksi ya mtandaoni, saa mbili za foleni ni abiria watatu au wanne waliopotea. Kama wewe ni dereva wa kilomita 150 kwa siku, andika kwa wiki mbili dakika unazokaa foleni ya gesi na uziwekee thamani ya pesa. Kwako wewe hizo dakika ndizo zitakazoamua, pamoja na jibu la swali utachaji wapi mchana kilomita zikikuishia.

Hatua ya tisa: unalilinganisha na gari gani?

Yote haya yamechukulia kwamba mbadala ni IST. Mke wa rafiki yangu alikuwa ametenga milioni 42 za kununua Harrier. Harrier kwenye foleni inakwenda kilomita 8 kwa lita, yaani shilingi 375 kwa kilomita. Gari la umeme la ukubwa unaokaribiana, kwa uniti 20 kwa kilomita 100, ni shilingi 71. Tofauti ni 304. Kwa kilomita 15,600 ni milioni 4.7 kwa mwaka, na akipata la umeme lenye betri nzima kwa milioni hizo hizo 42, hakuna nyongeza yoyote ya kurudisha. Nilimwambia, "Shemeji, kwako wewe hesabu imeshalipa, kagua betri tu." Jambo la kumtahadharisha lilikuwa la kuuza baadaye. Harrier ukiitangaza leo wiki ijayo simu zinaita, gari la umeme lenye betri iliyochoka bado wanunuzi wake ni wachache.

Mimi nimefunga gesi. Daftari bado liko kwenye dashibodi, na ukurasa wa mwisho nimeandika namba moja: milioni 3. Ndiyo tofauti ya juu ninayoweza kulipa kwa miaka mitano juu ya IST yenye gesi, kwa kilomita ninazotembea sasa. Kila ninapopita yadi naingia kuuliza bei.